Nilifungua link za comments kwa blog yangu ya samaki, na comment moja ikaokoa cage zetu

Wakuu, salamu kutoka Kisumu.

Juzi kuna member aliuliza hapa kama bado kuna mtu anasoma comments za blog. Wengi mkamwambia zilikufa zamani. Mimi nilinyamaza, kwa sababu jibu langu haliwezi kuingia kwa mstari mmoja.

Leo nimekaa chini niwaeleze yaliyonipata, vile yalitokea, bila kuongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Urefu mtanisamehe.

Mimi ni mama, naishi Migosi. Mzee wangu, Baba Neema, anafuga ngege, yaani tilapia, na wenzake wawili upande wa Dunga. Wanatumia cage, yaani kizimba kikubwa cha nyavu kinachoelea ziwani, samaki wanakulia ndani.

Mimi nina blog. Nilianza kuandika kwa sababu kila mtu aliyetaka kuanza cage alikuwa anakuja kwetu kuuliza maswali yale yale, na chai ilikuwa inaisha. Nikasema heri niandike mara moja, wasome.

Watu walisoma, hilo sikatai. Lakini comments, jameni!

"Nice post." "Good job sis." Mwingine anauza viatu. Mwingine ni mganga wa kurudisha mpenzi. Nimeandika vizuri kabisa jinsi ya kuchagua vifaranga vya samaki, mtu ananijibu na mganga!

Ilikuwa kama kuhutubia matanga na kila mtu anaangalia sufuria.

Sasa, kuna kijana wetu wa kanisa, Wafula, mtu wa Bungoma, anatengeneza website za maduka hapa town. Siku moja nikamlilia.

Akaniambia, "Mama Neema, mtu akiacha comment, jina lake linakuwa link ya kwenda kwa site yake, sindio? Sasa hiyo link, blog yako imeiwekea alama ya kuambia search engine: hii usihesabu. Inaitwa nofollow. Kwa hivyo mwenye blog ndogo akikuandikia kitu kizuri, site yake haipati chochote."

Nikamuuliza, "Na nikitoa hiyo alama?"

"Ukitoa, link inakuwa followed. Ni kama wewe umesema mbele ya watu: huyu namjua, msikilizeni."

Nikamwambia aitoe.

Wafula akakataa kwanza. Akasema nafungulia wezi mlango, na hao spammers wakijua, site yangu inaweza hata kuonekana chafu na kushushwa chini kabisa. Alikuwa na haki ya kuogopa. Ile blog nilikuwa nimeijenga polepole, na kuipoteza kungeniuma.

Tukakubaliana hivi. Hakuna comment itaonekana kabla mimi niisome. Lazima mtu atumie jina la mtu, si jina la biashara. Na lazima aseme kitu ambacho mfugaji anaweza kutumia. Ukifanya hivyo, link yako ni followed, na asante juu.

Nikaandika post fupi kutangaza. Nilijivuna kidogo, nikaenda kulala.

Kesho yake nilifungua simu nikataka kulia.

Betting. Dawa za nguvu za kiume. Mikopo. Mwingine alichukua post yangu mimi mwenyewe, akageuza maneno kidogo, akanirudishia kama comment yake! Nilicheka peke yangu jikoni.

Nikafuta. Zikaja tena. Nikafuta huku nimeshika mwiko. Baba Neema akaniangalia akasema, "Sasa hii ni kazi gani? Unafua nguo za watu hujui."

Nilikaribia kumpigia Wafula arudishe ile alama. Kilichonizuia ni kiburi tu, niseme ukweli.

Halafu akaja Mama Awuor.

Comment yake ya kwanza ilikuwa, "Post nzuri dada, Mungu akubariki." Nikabofya link yake. Ilikuwa blog ndogo ya mama anayefuga samaki kwa mabwawa Pap Onditi. Imeandikwa vizuri sana, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuijibu. Hiyo kitu iliniuma. Nilijiona mimi mwenyewe ndani yake.

Sikufungua comment yake ionekane. Nikamwandikia email: "Mama, baraka nimepokea, lakini hii haisaidii mfugaji. Niambie kitu wewe umeona kwa macho yako."

Nilidhani atakasirika.

Akarudi na comment ndefu kuliko post yenyewe. Kumbe kabla ya mabwawa alikuwa na cage ziwani kama sisi. Samaki wake wote walikufa kwa siku moja. Akaeleza vile watu walimwambia amerogwa, na vile yeye alikataa hiyo maneno, akaanza kuuliza watu wa samaki na kusoma mpaka akajua ni nini kilitokea. Ndiyo akaanzisha blog, ili mwingine asipitie hivyo.

Nikafungua comment na link yake. Nikamjibu kwa urefu pia.

Baada ya hapo akawa mtu wa kila post. Na wengine wakaona. Mtu anaona comment ya maana hapo juu, anaona aibu kuandika "nice". Mwalimu mmoja wa Siaya akawa anatuandikia habari ya vifaranga. Kijana wa Homa Bay, habari ya nyavu. Wanapingana, wanaulizana, wanacheka. Kila mmoja na site yake au page yake, na zile site zikaanza kuonekana mtu akitafuta. Mama Awuor aliniandikia siku moja kwamba mtu wa mbali amempigia kuuliza vifaranga, amemwona kwa search. Nilifurahi kama ni mimi nimepigiwa.

Sasa ndiyo nafika mahali penyewe.

Asubuhi moja Baba Neema alirudi kutoka ziwani mapema. Nikajua kuna shida, kwa sababu hakusalimia.

"Samaki hawali," akasema. "Namwaga chakula kinaelea tu. Na maji yamebadilika, yamekuwa na rangi kama ya chai mbaya."

"Umeuliza wengine?"

"Wanasema ni ugonjwa. Mmoja anasema tuongeze dawa kwa chakula."

Wakuu, muelewe. Wale samaki walikuwa karibu kuvunwa. Mkopo wa wale watatu ulikuwa pale, karo ya watoto ilikuwa pale. Nyumba tatu zilikuwa zinaelea kwa ile maji.

Alikuwa amepiga picha. Nikazichukua nikaandika post ya haraka: samaki hawali, maji yako hivi, nani amewahi kuona?

Baba Neema akanikasirikia. "Samaki wanaumwa na wewe unaambia watu wa mtandao?"

Nikaiweka vivyo hivyo.

Kabla hata hajamaliza chai, simu ikalia. Comment ya Mama Awuor. Nikaifungua hapo hapo. Naiweka hapa vile ilikuwa (nyaminwa ni dada kwa Kijaluo):

"Nyaminwa, upepo wa kwenu umegeuka tangu jana? Samaki wanakuja juu wakifungua mdomo? Maji yananuka? Kama ni ndiyo, huo si ugonjwa. Maji ya chini ya ziwa yanapanda juu na hayana hewa. ACHENI KULISHA SASA HIVI. Vuneni wale wakubwa leo, msingoje kesho. Cage zilizobaki, zivuteni mbali na ufuo, mahali maji yanatembea. Mimi nilingoja kesho."

Nilimsomea Baba Neema nikiwa nimesimama. Nilipofika "mimi nilingoja kesho" nikairudia mara ya pili.

Akaniuliza, "Huyu mama ni nani?"

"Ni mtu wa Pap Onditi. Alikuwa na cage. Walikufa wote."

"Unamwamini?"

"Nimesoma kila neno ameandika tangu aje. Namwamini."

"Upepo umegeuka kweli," akasema. Akaniomba simu. Akasoma mwenyewe, polepole. Chini yake yule kijana wa Homa Bay alikuwa ameshaandika kwamba ameona hivyo kwao pia, na mama ako sawa. Baba Neema akavaa viatu akiwa tayari anapigia wenzake.

Mmoja wa wale wenzake alikataa kabisa. Nilimsikia kwa simu akipiga kelele, "Tuvune kabla ya wakati kwa sababu ya comment?" Baba Neema akamwambia, "Kuja uone mdomo za samaki, halafu ukatae."

Alikuja. Aliona. Hakukataa tena.

Walivuna siku nzima. Mimi nilishuka Dunga kuita wamama wa samaki ninaowajua, na walikuja na beseni zao bila maswali mengi. Bei haikuwa ile tulikuwa tunaota. Lakini samaki walikuwa hai, na walinunuliwa. Cage iliyobaki na samaki wadogo waliifunga kwa boti ya engine wakaivuta pole pole mpaka maji ya ndani. Jirani mmoja aliona vile tunafanya, akauliza, nikamsomea ile comment pale pale ufuoni, yeye pia akaanza kuvuna.

Wengine walitucheka.

Kesho yake hakuna aliyecheka. Sitaeleza sana, kwa sababu wale ni watu wetu na walipoteza. Cage za karibu na ufuo zilikuwa nyeupe juu, matumbo ya samaki. Wanaume wazima walikuwa wamekaa kwa mchanga.

Sisi, wale samaki wetu wadogo, wengine walikufa, wengi walibaki.

Jioni Baba Neema alikuwa na wenzake pale ufuoni, nikafika kumletea chakula. Mzee mmoja akamuuliza ni nani alimwambia avune. Nilidhani atasema ni yeye aliona.

Akanionyesha kwa kidole. "Ni huyu. Ako na blog."

Wakuu, nimepongezwa maishani, lakini hiyo nimeiweka kifuani mpaka leo.

Mama Awuor tulimwalika Migosi baadaye. Alikuja na kuku, mama wa watu! Baba Neema alimpokea mlangoni kama mkwe, asante za "ero kamano" zisizoisha. Tulipomaliza kula nikamuuliza ukweli, nini kilimleta kwa blog yangu.

Akacheka mpaka akashika meza. "Nyaminwa, nilikuja kutafuta link. Mtu aliniambia huku link zinahesabiwa."

"Na sasa?"

"Nilibaki kwa sababu ulikataa comment yangu. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza mimi nimeona nini."

Wafula alikuwa hapo. Akasema ile alama ya nofollow hatairudisha hata nikimwomba.

Sasa nimejifunza nini?

Link inaita watu, na kati ya wanaoitwa wengi wamekuja kuchukua tu. Kazi yako ni kusoma, kukataa kwa heshima, na kuuliza tena. Kama huna muda wa kusoma kila comment, tafadhali usifungue, blog itajaa takataka na search engine itakukasirikia. Na sisemi itafanya kazi kwa kila mtu. Hizo sheria za search hubadilika, mimi si mtaalamu.

Lakini mtu akikupa ujuzi wake bure, jina lake kulihesabu ni adabu tu. Tunafanya hivyo hata sokoni: ukisaidiwa na mtu, unamtaja.

Siku hizi wenye cage wa upande wetu wamekubaliana, ukiona maji yamebadilika unaandika pale kwa blog kwanza. Leo asubuhi, kabla nianze kuwaandikia hii, nilikuta comment ya mtu simjui, kutoka ng'ambo ya ghuba: "Huku kwetu maji ni safi, upepo umetulia, samaki wanakula vizuri."

Niliisoma mara mbili. Nikaifungua, na link yake.

Haya, mimi nimemaliza. Wenye blog, semeni nanyi mnafanyaje na comments zenu. Na anayeona nilibahatika tu, aseme pia, nitamjibu.