Papa Baridi na mashine nne za Papa Marcellin

Saa kumi na moja alfajiri, mfuniko wa sufuria unatetemeka juu ya mbabula, jiko la makaa, katika nyumba moja ya mtaa wa Kasenga, mjini Uvira. Chai imechemka. Déborah anauwekea mfuniko kitambaa ili usiwaamshe watoto, kisha anammiminia mumewe kikombe cha kwanza. Yeye mwenyewe anasubiri.

Mumewe, Ildephonse Kashindi, ana miaka hamsini na mmoja. Kazi yake ni kufunga na kutengeneza viyoyozi, ambavyo watu wa Uvira huviita klimatizeri. Mtaani wanamwita Papa Baridi. Nyumbani kwake hakuna kiyoyozi hata kimoja. Kuna dirisha linalotazama ziwa, na Déborah hulisifu kuliko mashine yoyote.

Leo anatoka mapema kwa sababu anakwenda kusafisha mashine za duka la dawa, na duka linafunguliwa saa mbili.

"Kwa nyumba ya muntu unafika saa sita, wanakupa kiti, wanakupa na maji," anasema huku akiifunga ngazi yake kwenye pikipiki kwa kamba ya mpira. "Kwa kazi, mlango ukifunguka, weye uwe umeshashuka ngazi."

Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza. Nyingine anazieleza akiwa juu ya ngazi, polepole, kwa namna ambayo anayemsikiliza hajioni mjinga. Kiyoyozi cha nyumbani, anasema, kimetengenezwa kwa chumba kimoja na watu wachache wanaojuana. Kinafanya kazi jioni, kinapumzika asubuhi. Cha dukani, ofisini au ukumbini hakipumziki tangu mlango ufunguliwe hadi ufungwe, na kila mteja anayeingia anaingia na joto lake. Kwa hiyo mota yake ni kubwa, inataka umeme wenye nguvu, na mara nyingi inakaa juu ya paa na kupeleka ubaridi ndani kwa mifereji ya bati. Tena kilichofungwa vizuri kina njia ya kuvuta hewa mpya kutoka nje.

Jambo hilo la mwisho alijifunza kwa aibu.

Miaka mitatu iliyopita, mwenye ukumbi mmoja wa arusi kando ya ziwa alimwomba amfungie mashine sita za nyumbani. Zilikuwa rahisi kupatikana, na Ildephonse hakuwa na moyo wa kumkatalia. Siku ya arusi ya kwanza wakafunga madirisha yote, wakaziba na nyufa kwa vitambaa ili baridi isitoke. Wageni walikuwa mia mbili. Kabla keki haijakatwa, nyanya wa bibi arusi alilegea kwenye kiti chake. Wakambeba nje, upepo wa ziwa ukampiga, akafumbua macho na kuuliza kama watu wamekwisha kula.

Watu walicheka. Ildephonse hakucheka.

"Hapa kwetu muntu akisikia joto anasema, tutilie hewa," anaeleza. "Wao waliomba hewa, minye nikawapa baridi. Nilidhani ni kitu kimoja."

Mwezi wa tisa mwaka huu, neno hilo hilo lilimrudia.

Katika Kasenga kuna kituo kidogo cha wazazi chenye chumba cha vitanda vinane. Mwaka jana Papa Marcellin, mzee wa miaka sabini na minne anayeuza saruji, alikaa pale siku nzima mjukuu wake akijifungua. Aliona wauguzi wakiwapepea akina mama kwa vipande vya katoni, zamu kwa zamu, bila kuombwa. Alikwenda akaagiza viyoyozi vinne kutoka Bujumbura, vipya, vya gharama, akavileta mwenyewe kwa gari lake la saruji.

Amandine, muuguzi mkuu, alimwita Ildephonse aje kuvifunga. Akina mama walikuwa wameshaambiwa. Mmoja wao, mwenye mtoto wa siku mbili, alikuwa ameomba ahamishiwe kitanda cha karibu na ukuta ili awe wa kwanza kupata ubaridi, na mwenzake alikuwa amempisha.

Ildephonse alipima chumba. Akasubiri saa ya kutazama wagonjwa, akahesabu watu: thelathini na mmoja, na mlango haukutulia. Shangazi mmoja alikuwa anakohoa ndani ya kitenge chake. Fundi akaketi juu ya katoni mojawapo ya mashine zile, akamwambia Amandine kwamba hawezi kuzifunga mle. Zilikuwa mashine za nyumbani. Ili zipooze chumba ingebidi wafunge madirisha, na madirisha yakifungwa, watoto wachanga watavuta pumzi ya watu wazima mchana kutwa.

Amandine alizitazama katoni zile nne. Kisha akasema, bila hasira, "Papa huyu hakuna aliyemwomba. Tukimrudishia, atasema tumemdharau, na hatatoa tena. Na joto ndilo hili, Fundi, unaliona."

Kazi ile ingempa Ildephonse dola mia mbili, karo ya watoto wake wawili kwa muhula. Mwezi mzuri wa joto humpa si zaidi ya dola mia tatu. Lakini anasema kilichomwuma zaidi kilikuwa ule mwendo wa kwenda kwa mzee. Alimwambia Amandine asiseme lolote, atakwenda yeye. Kama kuna hasira, imwangukie fundi, kituo kibaki salama.

Alimkuta Papa Marcellin sebuleni kwake, saa kumi na moja jioni, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma taratibu. Mzee ni mjane. Mpishi alileta soda. Ildephonse akaeleza alichokuja nacho, na mzee akamsikiliza hadi mwisho bila kupepesa jicho.

"Weye fundi," alisema, "umetoka Kasenga mpaka hapa kukataa zawadi ambayo haikuwa yako?"

Ildephonse anakiri kwamba aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa heshima, mchana walikula nini.

Mzee akashangaa. Alisema walikula ndagala, dagaa wa ziwani, na mpishi alizikaanga saa saba.

"Saa saba," Ildephonse akasema. "Na mpaka sasa ziko hapa na sisi, papa."

Mzee akavuta pumzi kwa pua. Akavuta tena. Bega moja likaanza kutikisika, na ikawa ni kicheko. Akasema kweli, tangu mke wake afariki hakuna wa kumkumbusha mpishi afunge mlango wa jiko, na yeye huwa analala na ndagala zile mpaka asubuhi.

"Mashini ya nyumba haitoi kitu nje," Ildephonse akamwambia. "Inachukua hewa ya humu humu, inaipooza, inaturudishia. Hapa ni harufu ya ndagala tu. Kule ni kikohozi cha muntu, na watoto wa siku moja."

Papa Marcellin alizima mashine. Aliinuka, akafungua dirisha kwa mkono wake, akakaa tena.

"Kumbe nilitaka kuwafungia na kikohozi," mzee alisema hatimaye.

"Ulitaka walale vizuri, papa. Mashini ndiyo ilikosea nyumba."

Wiki ile ile mashine mbili zilirudi Bujumbura, na mzee akaongeza fedha wakapata moja kubwa ya kazi. Moja ya zile ndogo ilibaki katika chumba cha dawa na nyingine katika chumba cha kupumzikia wauguzi: vyumba vidogo, watu wachache, mlango unaofungwa. Mafundi bati wa Kasenga, wale wanaotengeneza mbabula na ndoo, walikunja mfereji wa kupitisha hewa. Tundu la kuvuta hewa mpya linatazama ziwa, na wavu wake Amandine anauosha kila Jumamosi. Umeme ukikatika, katoni za kupepea zinarudi mikononi. Bado zimewekwa chini ya meza, zimefutwa vumbi.

Ildephonse sasa anaandika daftari. Vitabu vya kazi yake vyote ni vya Kifaransa, na mafundi wenzake wa Lubarika na Nyakabere wengi wao walijifunza kwa kutazama tu. Anataka waelewe kwa Kiswahili, kabla ya kupanda ngazi, kwamba swali la kwanza siyo ukubwa wa chumba. "Uliza kwanza wanaingia wangapi," anasema, "na kama wanajuana." Kurasa kumi na nne zimekamilika. Déborah ndiye msomaji wake. Asipoelewa mahali, mumewe anaandika upya. Akimaliza, anataka kuwaita mafundi wote wa bonde la Ruzizi wakae siku mbili Kasenga, kila mmoja aje na kosa lake aliseme.

Ijumaa iliyopita alipita kwa Papa Marcellin kuosha kiyoyozi cha sebuleni, bila malipo. Kazi ilikuwa ya robo saa. Alikaa saa mbili, kwa sababu mzee alikuwa na habari: mjukuu wake ana mimba nyingine, na anataka kuzaa pale pale kwa Amandine.

Mzee alimsindikiza mpaka langoni, akaushika mkono wake akauchelewesha.

"Ijumaa ijayo uje," alimwambia. "Najua, klimatizeri haina ugonjwa. Weye uje tu."