Shali Iliyomtoa Bibi

Mtaani kwetu yupo mwanamke aliyechora majani mengi kuliko yaliyoliwa na mbuzi wote wa mtaa, na ndiyo maana tunamwita Bi Majani. Hakasiriki. Ukimwita kwa jina lake la kwenye vyeti, huenda asigeuke. Kazi yake ni kuchora katuni, lakini si hizi za gazetini. Anachora za filamu, zile zinazotembea na kupumua. Na hachori watu, maana watu wana wachoraji wao. Yeye ni wa msitu: jani, shina, uyoga, tone la umande linalosita ukingoni kabla ya kudondoka. Tone moja linaweza kumchukua siku mbili, na ukimcheka atakuuliza kama umewahi kulitazama tone.

Mumewe ni kinyozi, na mtaa mzima tunamwita Kinyozi, hata mkewe akiwa amenuna. Duka lake lina viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, na redio iliyokufa zamani ila haijazikwa. Hakuna anayeidai redio, kwa sababu Kinyozi mwenyewe husimulia. Ana kipimo chake: hadithi nzuri ni ile inayoisha pamoja na kichwa. Anaanzia kisogoni, akifika sikio la pili shujaa awe mashakani, na unapopakwa poda shingoni mambo yawe yamekwisha. Hadithi isiyotoshea kichwa kimoja, anasema, ama ni uongo ama ni siasa.

Sasa sikilizeni. Miaka mitatu iliyopita Bi Majani alirudi kutoka kazini uso unang'aa. Ofisi yao, iliyozoea kuchora matangazo ya sabuni, ilikuwa inaanza filamu yake yenyewe, ndefu, ya saa moja na nusu. Akamsimulia mumewe huku anakata vitunguu. Kuna binti, mama yake amelala usingizi usioamka. Bibi yake anamkabidhi taa ndogo, anamwambia: "Mjukuu wangu, taa hii ni pumzi ya mama yako. Ikizimika kabla hujavuka mto, hataamka tena." Binti anaingia na taa yake kwenye msitu unaong'aa, upepo huku, mvua kule.

Kinyozi akasahau kumenya viazi. "Halafu?"

"Halafu inazimika. Hatua tatu kabla ya mto."

"Haiwezekani! Halafu?"

"Halafu utaenda kutazama kama watu wengine."

Alimbembeleza mpaka akapata mwisho: binti anaupuliza utambi, na pumzi yake mwenyewe ndiyo inayoiwasha taa. Kesho yake hadithi ilikuwa dukani. Ilitosha kichwa kimoja barabara, bila kubaki unywele. Kwa miaka mitatu kila aliyekaa kwenye kile kiti alipewa bibi, taa na mto. Mimi nimeisikia mara nyingi, nywele zangu zina haraka, na kila mara taa ilipozimika niliona aibu kufuta macho na lile shuka la kinyozi lililojaa nywele.

Ofisi ya akina Bi Majani iko ghorofani, juu ya duka la matairi. Mapazia hayafunguliwi, jua lisije likaharibu rangi kwenye vioo vya kompyuta. Mna feni moja, nayo imeelekezwa kwa kompyuta, si kwa watu. Bosi wao ni mtu mpole, anaamkia kila mtu, hapandishi sauti. Wafanyakazi wamempa jina la Ongeza Mwanga, kwa kuwa ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa. Ukimwambia mazungumzo haya yamelala, anakuambia ongeza mwanga. Ukimwambia huyu binti haeleweki kwa nini amekimbia, anasogea, anakunja macho, anakuambia, "Ongeza mwanga hapo begani." Mwanga ukiongezwa, kweli, picha inapendeza mpaka unasahau ulichouliza.

Ikabaki miezi minne filamu ionyeshwe. Ndipo shali ya bibi ilipoanza vituko.

Ilikuwa shali ya ajabu. Aliyeichora aliipa matamvua ya nyuzi mia tisa, kila uzi unacheza kivyake. Bibi akiinua mkono kumpa mjukuu taa, nyuzi zinapenya mkononi, zinatokea upande wa pili, zinajifunga kama tambi zilizoungua. Kipande kile cha sekunde tisa kilishikilia kompyuta zote wiki nzima. Mtu wa kuchora maji akasubiri, mtu wa kuchora nywele akasubiri, majani ya Bi Majani nayo yakasubiri kama wagonjwa hospitalini.

Asubuhi moja Ongeza Mwanga akasimama katikati ya chumba, akasema kwa upole wake, "Jamani, bibi atoke."

Wakapiga makofi. Nawaambia ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe haufichi: Bi Majani naye alipiga makofi. Siku hiyohiyo msitu wake ulipita kwenye kompyuta, jani kwa jani, akarudi nyumbani akiimba.

"Bibi yetu hajambo?" Kinyozi akauliza mezani, kama alivyozoea.

"Ametolewa."

"Ametolewa wapi?"

"Kwenye filamu. Shali ilikuwa inasumbua."

Kinyozi akacheka. "Si mngemvua shali?"

Kijiko cha Bi Majani kikasimama hewani. Watu kumi na wanne, wenye vipaji vyao, walikaa na ile shali wiki nzima, na hakuna aliyewaza kwamba shali huvuliwa. Ilikuwa nzuri mno. Bibi ndiye alionekana wa kuondoka.

"Na sasa," Kinyozi akaendelea, maana mtu wa hadithi haachi jambo likiwa nusu, "nani anamwambia binti kuhusu taa?"

Bi Majani alikuwa anaipitisha filamu nzima kichwani, toka mwanzo. Binti anatoka nyumbani na taa. Anatembea. Majani yanang'aa. Taa inazimika. Binti analia. Na mtazamaji amekaa kitini kwake anajiuliza, si akanunue nyingine?

Miaka mitatu ya maisha yake ilikuwa imesimama juu ya sentensi moja ya bibi, na sentensi hiyo ilikuwa imetupwa pamoja na matamvua.

Kesho yake alifika kazini kabla ya mfagizi.

"Bosi, tumrudishe bibi. Tumvue shali tu."

Ongeza Mwanga akamwonea huruma. "Dada yangu, bila shali si atakuwa bibi wa kawaida tu?"

"Mabibi wote ni wa kawaida, bosi. Anachosema ndicho si cha kawaida."

"Mm. Lakini watu hawatapata cha kutazama."

"Basi asionekane. Sauti yake tunayo, yule mama mwigizaji alishaisema na ikarekodiwa. Tuiweke juu ya njia, binti anapoanza kutembea. Sekunde tisa tu."

"Sauti bila sura? Watu watauliza nani anaongea."

"Heri waulize nani anaongea, kuliko kuuliza hii filamu inahusu nini!"

Bosi akatazama njia ya msituni kwenye kioo. Bi Majani anasema alipata matumaini kabisa. Halafu bosi akakunja macho. "Unajua nini? Ni kweli hapa pamepoa. Tuweke vimulimuli. Mia nne hivi. Mtu akiiona ile taa katikati ya vimulimuli, moyo wake wenyewe utajua."

Bi Majani akachora vimulimuli mia nne. Anasema alivichora vizuri, na hilo ndilo linalomuudhi mpaka leo.

Hakuacha. Alimwendea mtu wa maji. "Dada, mimi ni wa maji," akajibiwa. Mtu wa nywele akamwambia nywele za binti zinaeleweka vizuri sana. Akabandika karatasi ukutani, herufi kubwa: KWA NINI AMEBEBA TAA? Jioni akakuta mtu amechora chini yake taa nzuri ya kuvutia, yenye kivuli na kila kitu. Mara ya mwisho, wiki moja kabla ya onyesho, bosi alimshika bega akasema filamu imeshafungwa, haiguswi tena. "Pumzika, dada. Umechoka."

Akarudi nyumbani akamgeukia mumewe. "Na wewe acha kumsimulia huyo bibi. Hayupo."

"Nisimulie nini sasa?"

"Simulia iliyopo."

Kinyozi akajaribu kesho yake dukani, mbele yetu. "Kulikuwa na binti, ana taa, anatembea msituni…" Akafika sikioni, akasimama. Mashine inanguruma hewani, mteja kaelemea upande. "Haiendi," akasema. "Mke wangu anisamehe. Siwezi kumwacha mtu na nusu kichwa." Akamrudisha bibi palepale.

Onyesho likawa Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa kukodi wenye viti vyekundu vilivyochanika kidogo. Kinyozi alifunga duka, akaja na mama yake mzazi na wateja kumi na sita, vichwa vibichi, poda bado shingoni. Tukajaza mstari wa tatu mzima. Bi Majani alikaa nyuma na wenzake, mikono kaibana magotini.

Taa za ukumbi zikazimwa, na jamani, nisiwe mchawi: ulikuwa msitu! Majani yalikuwa na mishipa. Umande ulisita, ukadondoka, na ukumbi mzima ukasema aaah. Mama yake Kinyozi akageuka nyuma akaita, "Mkwe wangu, mikono hiyo!"

Binti akatoka nyumbani na taa.

"Bibi yuko wapi?" akauliza fundi viatu, jirani yangu.

"Subiri, anakuja."

"Mbona ameshaanza kutembea?"

"Labda anakuja mbele. Tulia wewe, unafikiri uko kwenye kiti cha kunyolewa?"

Vimulimuli vikaja, mia nne. Vikapita. Bibi hakuja. Dakika arobaini binti alitembea kwenye uzuri, na nyuma yetu watu wakaanza kufungua biskuti. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, anaenda wapi?" Mama yake akamjibu, "Anatembea tu, tazama maua."

Halafu, hatua tatu kabla ya mto, taa ikazimika.

Mstari wa tatu ukapasuka. "Mamaaa!" Fundi viatu akashika kichwa. Mama yake Kinyozi alilia wazi, kwikwi, akimwambia yule binti wa picha, "Puliza, mwanangu, puliza!" Mimi pia sikujiweza. Ukumbi mzima ulitugeukia kama watu waliovamia msiba usiowahusu. Hawakujua nani amekufa. Sisi tulijua, tulikuwa tumemjua kwa miaka mitatu.

Filamu ilipoisha watu walitoka polepole. Nilimsikia mmoja anasema mlangoni, "Picha safi. Sasa yule binti alikuwa analia nini?" Mwenzake akamjibu, "Labda aliogopa giza."

Bi Majani alimkimbilia bosi wake ili amsikilizishe hayohayo kwa masikio yake. Lakini Ongeza Mwanga alikuwa analengwalengwa na machozi. Akamshika mikono yote miwili.

"Umewaona, dada? Umeuona ule mstari? Walilia! Hakuna bibi, hakuna maneno, wamelia! Nilikuambia, moyo wenyewe unajua."

"Bosi, wale ni wateja wa mume wangu."

"Eh?"

"Ni kinyozi. Amewasimulia miaka mitatu. Bibi yuko vichwani mwao! Waulize waliokaa nyuma!"

Bosi akacheka kwa furaha. "Basi mumeo ana bahati, ana wateja wenye moyo." Akaenda kumkumbatia mtu wa maji.

Nyumbani Bi Majani hakuvua hata viatu. "Umeniharibia."

"Mimi?" Kinyozi akasema. "Nimesimulia ulichonisimulia."

"Wangekaa kimya kama wengine, angeelewa! Sasa anaona yuko sahihi. Filamu ijayo haitakuwa na hata sentensi moja, na dhambi hiyo ni yako na hao wapakwa poda wako!"

"Kwa hiyo ulitaka tusilie?"

Bi Majani akaenda chumbani kwa hasira, akafunga mlango. Kinyozi akabaki sebuleni anamenya viazi ambavyo hakuna aliyevila.

Jumatatu Ongeza Mwanga aliwakusanya. Filamu mpya: mji unaoelea juu ya mawingu, na mtu mmoja amesimama ukingoni, koti linapepea. Wote wakasema aaah. Akamgeukia Bi Majani. "Dada, safari hii nakupa bustani zote za angani. Zote."

Miaka mitatu nyuma angelia kwa furaha. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Huyu mtu anataka nini?"

"Tutajua mbele ya safari. Kwanza tuone majani."

"Hapana, bosi. Majani yapo, mikono ninayo. Nikijua anataka nini, naanza." Akaiweka kalamu yake ya kuchorea mezani, akafungua chupa yake ya chai, akajimiminia.

Mtu wa maji akainama kwenye kioo chake. Bosi akakunja macho, akamtazama Bi Majani, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakupata pa kuongeza mwanga.

Leo ni siku ya tisa. Anakwenda kazini kila asubuhi, anaamkia, anakaa, kalamu iko mezani. Jana alipita dukani kumletea Kinyozi ufunguo, akakuta fundi viatu yuko kitini na mashine imesimama karibu na sikio.

"Shemeji," fundi viatu akamwambia, "huyu mumeo ameanza nyingine, ya mtu wa mawinguni, halafu amekwama. Eti hujamwambia yule mtu anataka nini."

"Mwulizeni bosi wangu," Bi Majani akasema. "Mimi nasubiri kama ninyi."

Fundi viatu akajitazama kwenye kioo chenye ufa, nusu kanyolewa, nusu bado. "Sasa mimi nitoke hivi?"