Paka Saba Juu ya Gari la Leso

Asubuhi niliyowaona paka saba juu ya gari la leso, nilijua kisasi changu kimeiva.

Paka saba. Watatu juu ya boneti, watatu juu ya paa, na mmoja nyuma analamba ufa wa mlango kama mtoto analamba ubuyu.

Gari lile halikuwa la kubeba samaki. Lilikuwa la leso tu.

Naitwa Kanze, kwetu ni Rabai. Shule niliishia darasa la saba, hesabu za kugawanya zikanishinda nikaziacha huko huko. Lakini kutazama hakujanishinda.

Nilikuwa nakunja leso katika duka la Ami Taib, Mji wa Kale. Ami Taib anauza kwa jumla. Leso zinafungwa robota, zinapakiwa kwenye gari jeupe la dizeli, zinapelekwa Likoni, Mtwapa, mpaka Malindi.

Dereva alikuwa kaka yangu Kiti. Miaka sita. Ndiye aliyeniombea kazi pale.

Tanboi wake, yule wa kupakia na kushusha, alikuwa Lennox. Kiti ndiye aliyemfundisha kushika usukani.

Sasa, Ami Taib alikuwa na msemo wake. Alisema gari halimli mtu siku ya kulinunua, lamla kidogo kidogo kwenye tangi.

Kwa hivyo kila Jumamosi gari lilijazwa mpaka mafuta yakaonekana shingoni mwa tangi, na mita ya kilomita ikaandikwa. Jumamosi ya pili likajazwa tena vivyo hivyo. Zile kilomita ukizigawa kwa lita zilizoingia, wajua gari limekula vipi.

Likiwa zima, lita moja ilikwenda kilomita kumi na moja. Chini ya hapo, alisema, kuna mkono wa mtu.

Ikashuka tisa. Ikashuka nane. Ikafika saba.

Fundi akasafisha, akabadilisha chujio, akatia upepo magurudumu. Saba.

Siku moja Ami Taib akatukusanya wote dukani. Lennox akasimama akiangalia chini, akasema kwa upole, "Mimi nilimwona Kiti na mpira na mtungi, ananyonya tangi. Nilinyamaza kwa heshima tu."

Kiti akaambiwa amwage mifuko yake juu ya meza ya leso, mbele ya watu kumi na wateja wawili. Kikatoka kitana, simu, na vidonge vya kichwa.

Mpira na mtungi havikuonekana, lakini kazi ilikwisha pale pale. Funguo akapewa Lennox.

Na wiki iliyofuata, sikia hii, lita moja ikaenda kilomita kumi na moja.

Wafanyakazi wakanitazama. Toka siku ile jina langu likawa dada wa mwizi.

Habari zikafika Rabai kabla yetu. Mama akawa akienda kisimani wenzake wanashika mitungi yao vizuri, kisha wanacheka.

Kwetu mtu akishukiwa wizi na akakana, kuna kiapo cha papai. Papai linasomewa, mtu anakula kipande mbele ya watu. Mkweli anameza anaenda zake. Mwongo mdomo unavimba.

Mama akasema, "Njoo ule papai, mwanangu. Nifunge midomo ya hawa watu."

Kiti akakataa. Akasema ameokoka, mambo ya kiganga hayataki.

Nilimwonea fahari, wallahi. Nilisema kaka yangu ni mtu wa Mungu, na hawa washenzi wamemmaliza.

Akahamia chumbani kwangu, nyuma ya Buxton. Kazi hakupata, nani ampe gari mtu mwenye jina lile? Mimi nilale mkekani, yeye kitandani. Mimi ninunue unga, yeye asome Biblia.

Laini yake ya simu akanipa mimi. Akasema hataki tena watu wa zamani.

Nikamwambia, "Kaka, nitamshika huyu Lennox."

Akashtuka. "Achana naye, Kanze. Mwachie Mungu."

Mungu nilimwachia yaliyo yake. Lennox nilimshika mimi.

Sikuacha kazi. Nilikunja leso na kunyamaza, miezi kumi na minne. Lennox alikuwa akipita ananitupia maneno. "Dada wa mwizi, robota zimetimia? Au nihesabu mwenyewe?" Watu wakicheka, nami nacheka nao. Ukicheka na adui yako, hakuogopi.

Alijizuia miezi mitatu. Kisha ile kumi na moja ikaanza kushuka tena.

Yeye alikuwa na ulimi. Mara foleni ya feri, gari linanguruma saa nzima bila kwenda. Mara mizigo imezidi. Mara injini imezeeka. Ami Taib akanunua hata magurudumu mapya.

Ikafika saba. Ile ile saba ya Kiti.

Wakati huo Zakiya, karani wetu, alikwenda kujifungua. Ami Taib akaniuliza kama naweza kuandika mita ya gari kila asubuhi na kila jioni.

Nikasema naweza. Namba kusoma si kugawanya.

Lennox alikuwa analala na gari huko Buxton. Kutoka dukani mpaka kwake na kurudi ni kilomita nne. Kila asubuhi mita ilisema nne. Safi kabisa.

Lakini kulikuwa na paka.

Mji wa Kale una paka kuliko watu. Wamelala barazani, hawamjali mtu. Lakini asubuhi nyingine, gari likisimama tu, wananyanyuka wote wanalifuata. Asubuhi nyingine hawalitazami.

Nikawa nachora. Nyuma ya daftari la mita, siku ya paka nachora masikio mawili na mkia. Jumanne paka. Ijumaa hakuna. Jumamosi paka.

Mwezi ukaisha nikaona: wiki yenye alama mbili za paka, mafuta yanakwenda saba. Wiki ambayo Lennox aliugua malaria, gari likaendeshwa na mwingine, hakuna paka hata mmoja, na mafuta yakaenda kumi na moja.

Nikaenda Makadara kwa fundi mmoja, Tsofa. Nikamnunulia chai na mbaazi, nikamuuliza kama gari laweza kwenda mbali na mita isijue.

Akacheka. "Kuna waya nyuma ya dashibodi. Uuchomoe, mshale wa spidi unalala na mita inalala. Urudishe, inaamka. Nani amekufundisha wewe?"

Nikamwambia paka.

Basi nikaenda kwa Ami Taib, nikamwekea daftari langu mbele yake, nikamweleza na ule waya. Alitazama wale paka wangu muda mrefu. Nilidhani atanifukuza.

Akasema, "Wataka nini, mwanangu?"

Nikamwambia nataka tangi lijazwe Ijumaa, Lennox asijue. Na Jumamosi lijazwe tena kabla halijapakiwa kitu.

Ijumaa adhuhuri duka linafungwa, watu wanakwenda kuswali, Lennox anakwenda kula Makadara. Walipotoka msikitini, Khubaib, mpwa wa Ami Taib, akachukua gari akalijaza mpaka shingoni. Akalirudisha pale pale. Mimi nikaandika mita, Ami Taib akatia sahihi.

Alasiri ile gari halikutumwa popote. Jioni Lennox akawasha, akaona mshale wa mafuta umejaa. Akapiga mluzi. Dereva mwizi akipewa tangi kamili, haulizi limejazwa kwa nini.

Nilirudi nyumbani, sikuweza kula. Kiti akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nina furaha tu.

Asubuhi ndio wale paka saba.

Mita ilisema nne.

Ami Taib akashuka ngazi na bakora yake. Akasema, "Lennox, sabalkheri. Fungua nyuma."

Ndani kulikuwa kusafi, kunanukia sabuni na udi. Udi, jamani, kwenye gari la mizigo. Ami Taib akamwambia Khubaib anyanyue ubao wa sakafu. Chini ya ubao magamba ya samaki yamegandana, yang'aa kama shilingi mpya.

Paka wawili wakaingia bila kuitwa.

Tukaenda sheli. Kwa kilomita nne, hata nusu lita haikupaswa kuingia. Ziliingia lita kumi na moja. Yule wa pampu akatikisa kichwa akasema hili si gari, ni ngamia.

Kilomita mia na ishirini za gizani. Lennox akakiri pale pale: waya umechomolewa, Takaungu na kurudi, amebeba samaki wa Bi Swafia, tajiri mmoja wa samaki, kwa dizeli ya leso.

Tuliporudi dukani, Ami Taib akawaita wote. Watu wale wale. Meza ile ile.

"Mwaga mifuko," akamwambia Lennox.

Mimi ndiye niliyeisafisha meza. Nilisogeza leso polepole, nikaipangusa, nikasimama mbele yake nimtazame vizuri. Sarafu ikamwanguka. Sikumwokotea.

Nilifurahi. Sitawadanganya. Nilifurahi mpaka meno yaliniwasha.

Nikamuuliza, "Robota zimetimia? Au nihesabu mwenyewe?"

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa tamu zaidi hivyo.

Ami Taib akanigeukia mbele ya wote. "Kanze, nimemdhulumu ndugu yako. Nenda kamwambie Jumatatu aje achukue funguo zake. Na mimi mwenyewe nitakwenda Rabai nimwombe radhi mamako."

Machozi yakanitoka. Nilimwona mama kisimani, ameinua kichwa.

Lennox akakusanya vitu vyake. Alipopita karibu yangu akasimama. Aliongea kwa sauti ya chini, hakuna aliyesikia ila mimi.

"Waya ule nilionyeshwa na nani, Kanze?"

Nikamwambia aende zake.

"Samaki tulikuwa tukileta wote. Mgao wangu akawa anaula, ndio nikamchongea. Yale ya mpira nilitunga. Yale ya mafuta sikutunga." Akaniandikia namba nyuma ya risiti ya sheli. "Mpigie Bi Swafia. Na laini hiyo hiyo aliyokuachia kaka yako."

Nikaingia ghalani, nikajificha nyuma ya robota. Nikapiga.

Ililia mara mbili tu.

"Kiti!" sauti ya mwanamke ikasema. "Mwaka mzima umenitupa, baba. Umepata gari jingine? Lennox wako huyu ananichelewesha."

Nikakata.

Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Miezi kumi na minne ya mkekani. Unga wangu. Matusi niliyoyameza nikiyacheka.

Jioni nikapita Makadara, nikanunua papai moja lililoiva na kisu kipya.

Kiti alikuwa kitandani na Biblia yake. Sikumsalimu. Nikakata papai, nikaweka kipande kwenye sahani, nikamsogezea. Kisha nikamwambia yote kwa mpigo mmoja, kwamba Lennox ameshikwa na waya na samaki, na Ami Taib anamrudishia funguo Jumatatu.

Uso ukamng'aa. "Mungu ni mwema."

"Kula papai," nikasema.

Akalitazama. "Kanze, mimi nimeokoka."

"Hili halijasomewa. Nimelinunua Makadara, mama mwenye mtoto mgongoni ndiye kaniuzia. Ni tunda tu. Kula."

Alinyoosha mkono. Nikauona ukifika nusu ya njia, ukasimama. Ukarudi.

Nzi akatua juu ya kipande.

"Bi Swafia anakusalimu," nikamwambia.

Akafunika uso kwa ile Biblia.

Nikachukua sahani, nikala lile papai mbele yake, kipande kwa kipande, nikimtazama. Midomo yangu haikuvimba.

Nusu iliyobaki nikaifunga kwenye mfuko. Asubuhi nilimpandisha gari la Rabai nao mkononi, nikampigia mama kumwambia mwanawe anakuja, na kilichomo mfukoni ni nini. Mpaka leo mama hajaniambia kama Kiti alikula, nami sijauliza. Ila najua siku hizi mama anakwenda kisimani alfajiri, kabla ya wenzake.

Jumatatu Ami Taib alikuwa na funguo kiganjani. "Kiti yuwapi?"

Nikamwambia, "Alishindwa kula papai, Ami."

Ameishi na watu wa kwetu maisha yake yote. Alizirudisha funguo mfukoni taratibu, akanipa daftari la mafuta.

Ninalo mpaka sasa. Dereva mpya ni mtu mzima wa Likoni, na gari linakwenda kumi na moja. Kila asubuhi, kabla sijasoma mita, natazama baraza kwanza, kama paka wamelala.

Na wewe unayesoma hapa, umebeba uchungu wa ndugu yako na unanoa kisu kwa ajili yake, nakuambia hivi. Huyo adui yupo, wala hatakimbia. Anza nyumbani. Kata papai, mpe yule unayemlilia, na utazame mkono wake.