Mwili Mdogo wa Ketsia Unapopigana

Saa moja asubuhi, moshi unapanda nyuma ya wodi ya watoto mjini Kalemie. Laure, mfuaji wa hospitali, anasukuma mashuka kwa mti mrefu ndani ya pipa la maji yanayochemka, kisha anayaloweka kwenye maji ya javeli, dawa kali ya kuua vijidudu, yanayomtoa machozi.

"Shuka moja chafu linaweza kuua mutoto," anasema bila kuacha kazi. "Mimi najua."

Ana binti, Ketsia, wa miaka sita. Tangu uchanga macho yake ni ya manjano. Njia za nyongo kwenye ini lake ni finyu, na nyongo inayokwama humo inauchosha mwili mzima. Majirani wa mtaa wao wa Lubuye walisema amerogwa. Dokta Firmin, anayemtibu, alimweleza mama kwa maneno mepesi: "Mama Laure, askari wa mwili wake wako, ila wanapigana wakiwa na njaa. Homa inayopita kwa mutoto mwingine, kwa Ketsia ndiyo vita."

Vita vilikuja msimu wa mvua uliopita. Laure alikuwa akianika mashuka wakati dada yake, Evodie, alipofika mbio akiwa amembeba Ketsia mgongoni, mtoto akitetemeka kwa homa juani. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye njia za nyongo na kufika damuni. Alilazwa kwenye shuka alilolifua mama yake asubuhi ile ile.

Dawa zilipita kwenye mshipa. Homa ikashuka, ikapanda tena. Mtoto akaacha kuitika. Laure aliweka kiganja juu ya kifua chembamba cha binti yake, akasikia moyo unavyokimbia.

"Nilisema, Mungu wangu, kamwili haka kanatoa wapi nguvu?" anakumbuka Laure.

Kisha jasho likamtoka mtoto. Ketsia akafumbua macho.

"Mama, nataka bukari na ndakala," akasema, akiomba ugali na dagaa.

Laure alipiga magoti. Dokta Firmin alimpima mtoto, akampima tena.

"Dawa ilisaidia," alisema, "lakini haikupigana peke yake. Nimesoma mwili wa mutoto miaka mingi. Ungali unanishangaza."

Ini halijapona, na homa inaweza kurudi wakati wowote. Hata hivyo, Septemba Ketsia ataanza masomo. Laure ameshazungumza na mwalimu.

"Nimemuambia, mutoto mwingine akikohoa, Ketsia akae mbali kidogo. Lakini akae darasani. Hakupigana vita vile vyote ili nimufiche nyumbani."