Nilipaka Wanja Kwenye Kiti cha Gari Letu

Msinihurumie. Nimekosa, na nilikosa nikiwa na akili zangu timamu, mkono mmoja nimeshika kopo la wanja na mwingine kitambaa. Hakuna shetani aliyenisukuma. Naandika hapa kwa sababu nimejaribu kulisema kwa mdomo na sikuaminiwa.

Mimi ni mke wa mtu, mzaliwa wa Tanga. Naishi Brussels huu mwaka wa tisa, upande wa Berchem. Asubuhi nafanya usafi kwenye ofisi za karibu na Gare du Nord. Mume wangu, nimwite Elia, anasafisha magari kwa ndani, hasa yenye viti vya ngozi. Ni fundi kweli, wenye magari ya bei mbaya wanamtafuta wenyewe.

Kazi hiyo alifundishwa na mzee wa Kikongo, mtu wa Bukavu, ambaye nitamwita Papa Anselme. Huyo ndiye aliyempokea Elia alipofika hapa hana mbele wala nyuma, akampa brashi na kumwonyesha namna ya kuishika. "Mwana yangu, cuir haipende haraka," alikuwa anamwambia, cuir ndiyo ngozi. "Alors, pole pole, na kitambaa ikuwe safi." Siku hizi amestaafu, anakaa peke yake karibu na Flagey, mke alishatangulia. Na mtanashati jamani! Sijawahi kumwona na suruali isiyo na mstari wa pasi.

Sasa sikieni nilivyoharibikiwa.

Gari letu nalo lina viti vya ngozi, vyeusi, ila vilikuwa havipati huduma ya Elia hata siku moja. Mganga hajigangi. Makombo ya biskuti za watoto yalikaa humo mpaka yakawa kama ndugu zetu. Basi kuanzia baridi iliyopita nikaona ajabu. Kila Jumapili jioni Elia anashuka chini na ndoo, povu, brashi laini na ile krimu ya kulainishia ngozi, anasafisha gari. Gari zima? Hapana! Kiti kimoja tu, cha abiria wa mbele. Kiti changu!

Nilimtazama kutoka dirishani. Anasugua taratibu, anafuta, anainama ananusa, anapaka krimu, anafuta tena. Kiti cha dereva hakigusi. Cha nyuma chenye makombo hakigusi. Nikajiuliza, huyu anafuta nini pale?

Na Jumapili zenyewe zilikuwa za mashaka. Asubuhi ananiambia, "Tangulieni kanisani na basi, mimi napitia kwa mteja mmoja." Mteja gani wa Jumapili asubuhi, nchi hii ambayo hata duka la mkate linafunga mapema? Halafu anaingia kanisani amechelewa dakika tano, jasho limemtoka.

Nikaanza upelelezi. Nikaingia garini, nikakuta kiti changu kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Mimi ni mfupi, nakaa karibu na kioo. Nikasema, haya, mwanamke mwenyewe mrefu. Juu ya kiti kuna taulo la kijani, limekunjwa vizuri, ambalo si la nyumbani kwangu. Na vioo! Mtu anaendesha mwezi wa pili, baridi inakata masikio, vioo vyote chini. Ukimuuliza anasema anataka hewa. Hewa? Harufu ya nani hiyo inayotolewa?

Lililonimaliza ni pedi. Niliingiza mkono chini ya kile kiti nikatafuta, mwenzenu sina aibu, nikatoka na pedi moja ndani ya mfuko safi. Pedi zangu nazijua. Hii ilikuwa ndefu, nene, ya mtu mzima haswa. Nikasema, kumbe ni pande la mtu!

Mwanamke mwenye akili angepanda juu na ile pedi, akaiweka mezani, akauliza, "Baba, hii nini?" Mimi nikairudisha nilipoitoa. Nilitaka nimshike mchana kweupe, na shahidi awepo. Za mwizi arobaini, nikajiambia, na mimi ndiye nitakayezihesabu.

Hapo ndipo ufundi wa mume wangu mwenyewe ulipogeuka silaha. Jumamosi nyingine huwa namsaidia kazi, na amenifundisha: ukishapaka krimu, lazima uifute mpaka kitambaa kisiteleze, halafu uache ikauke. Mtu akikaa kabla haijakauka, inahamia kwenye nguo. Basi mimi nina wanja wangu wa nyumbani, ule mweusi mafuta mafuta anaonitumia mama. Nikafikiria: wanja ndani ya krimu, juu ya ngozi nyeusi, nani ataona? Na atakayekaa hapo atanyanyuka na muhuri wangu matakoni.

Nikangoja siku yenye watu wengi. Ikaja Jumapili ya ubatizo, mtoto wa Mtanzania mwenzetu ambaye naye alifundishwa kazi na Papa Anselme, na mtoto alipewa jina la mzee. Chakula kilikuwa kwenye ukumbi hapahapa Berchem. Elia kama kawaida: "Tangulieni, mimi napitia kwa mteja."

Alipokuwa bafuni nilishuka mbio. Nikapaka sehemu ya kukalia tu, nyembamba, nikaiacha mbichi. Taulo la kijani nikalipandisha juu na kulitia kwenye mashine.

Alipotoka akauliza, "Kuna taulo garini. Umeliona?"

"Nimelifua. Kwani vipi?"

Jamani, uso ulimbadilika! Akaangalia saa, akaondoka. Mimi nikacheka peke yangu jikoni. Nikasema leo ndio leo.

Pale ukumbini sikula. Nilikuwa na mshukiwa wangu tayari, Mkenya mmoja mrefu, nimwite Achieng, ambaye alishawahi kumsifu Elia mbele yangu kwamba ana mikono ya dhahabu. Alivaa sketi ya njano. Nilimfuata na sahani ya pilau kila alikokwenda, macho yangu yako nyuma yake. Akageuka akaniuliza, "Mama, kuna kitu umepoteza?" Nikamwambia natafuta chumvi. Sketi ilikuwa safi kabisa, na hilo lilinikera zaidi.

Papa Anselme aliingia peke yake, wima, suti ya rangi ya maziwa, viatu vinang'aa, akasalimia kila meza. Elia akaingia baada yake kama dakika tano. Sikuunganisha. Nilikuwa natafuta mwanamke, ningemwonaje mzee?

Wakamwita mbele ampokee mtoto mwenye jina lake. Vigelegele! Akavua koti kwanza, vifungo visimkwaruze mtoto, akalitundika kwenye kiti. Akampokea, akambusu kwenye paji la uso, akageuka ili amwonyeshe kwa watu wa upande wa pili.

Vigelegele vilikatika.

Nyuma ya suruali ile ya maziwa kulikuwa na doa jeusi, pana, limeteremka mpaka mapajani. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mon Dieu, maskini." Mwingine akaziba pua. Aliziba pua, na hapakuwa na harufu yoyote! Vijana wa meza ya mwisho wakacheka.

Mimi nililijua lile doa kabla ya mtu yeyote. Nililitengeneza mwenyewe. Na hapa ndipo kosa langu lenyewe lilipo, mengine yote ni ya wivu tu. Nilikuwa na nafasi ya kusimama na kusema, "Ni wanja! Nimeupaka mimi kwenye kiti cha gari!" Wangenicheka, wangenisema mwaka mzima, yangepita. Nikakaa. Niliangalia sahani yangu nikahesabu punje za wali.

Mzee aliona nyuso za watu. Akapeleka mkono nyuma, akagusa, akautazama. Alimrudisha mtoto kwa mama yake kwa uangalifu, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani. Elia alikuwa ameshafika, amevua koti lake, akamfunga kiunoni, wakatoka wawili kwa mlango wa jikoni.

Elia aliporudi nyumbani alishuka na ndoo yake. Safari hii nilimfuata. Alipitisha kitambaa cheupe mara moja tu kikatoka cheusi. Akakinusa. Akanitazama.

"Hii nini?"

Nikamwambia yote, na pedi nikaitaja, na Achieng nikamtaja. Alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, mtu mzima, akashika kichwa.

Mzee alipasuliwa tezi dume kama miaka miwili nyuma. Tangu hapo mkojo haumsikii, mara nyingine hata choo. Anavaa zile pedi, na siku nyingine pedi haitoshi. Kwenye tramu aliwahi kuaibika, akaapa hapandi tena. Elia ndiye aliyemwambia, "Papa, nitakufuata mimi kila Jumapili twende kanisani, viti vya ngozi vinafutika." Mzee alikubali kwa sharti moja, mtu yeyote asijue, hata mke. Ndiyo maana alikuwa anamshusha kwenye kona ili aingie kwa miguu yake mwenyewe. Sharti hilo Elia alilishika mpaka mimi nikamwona malaya.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ungeniambia?"

"Ningekwambia ni siri ya mtu mwingine. Na ungelala usingizi." Tangu siku hiyo kiti chetu hakisafishwi tena, na mimi ananisemesha mambo ya watoto tu.

Siku ya tatu nilikwenda Flagey na kopo langu la wanja mkononi. Nikabonyeza kengele ya mlangoni. Akaitika kwenye kile kispika.

"Allô? Ni nani?"

"Ni mimi Papa, mke wa Elia. Nifungulie, nimekuja kuomba radhi."

"Ah, maman. Sijavaa muzuri, sitafungua. Semea hapo hapo."

Nikasema yote, pale barabarani, watu wanapita na mifuko yao ya sokoni. Nikalia. Nikamwambia, Papa, haikuwa wewe, ilikuwa wanja wangu, nilidhani Elia ana mwanamke, ninao hapa, shuka uone!

Halafu nikamsikia anacheka kidogo, kicheko cha upole.

"Maman, sikiya. Uko na roho ya muzuri sana. Unataka kunifichia haya yangu, njo maana unajivalisha weye. Asante, mutoto yangu. Lakini mimi najua mwili yangu. Bon. Usalimie watoto."

Akakata.

Alinishukuru! Angenitukana ningepumua. Elia naye alikwenda kumweleza, akaambiwa, "Bibi yako ni muntu wa maana, umutunze." Tangu siku ile mzee hajakanyaga kanisani wala sokoni hapo chini kwake. Chakula Elia anampelekea mlangoni.

Wanawake wenzangu, mkiona kitu msichokielewa, ulizeni. Ulizeni kwa ukali mkipenda, lakini ulizeni! Na ukimwaibisha mtu mbele za watu, simama uliseme palepale, kabla hajatoka mlangoni. Ukichelewa hata siku tatu, ukweli wako unaonekana huruma tu.

Na ninyi mliokuwa ukumbini siku ile mnajijua, na mimi sasa mmenijua. Haidhuru. Lile doa lilikuwa wanja wangu. Nendeni Flagey mkamwambie, nyinyi labda atawaamini.