Fundi wa eksirei anayechungulia tumbo la sanamu

Saa nane mchana, jenereta ya hospitali moja mjini Baraka, eneo la Fizi, inanguruma. Isidore Wilondja (46), fundi wa eksirei, anamlaza mezani mgonjwa wake wa mwisho. Mgonjwa huyu ni wa mti, hafiki hata nusu mita, na ameletwa ndani ya gunia la mihogo.

"Vuta pumuzi. Kamata. Usitikisike," Isidore anaiambia sanamu.

Usicheke. Dakika kumi zilizopita alipiga picha akiwa kimya, nayo ikatoka na ukungu, vile inavyotoka mgonjwa akipumua.

"Nilisema ni groupe inatikisa meza," anasema, akimaanisha jenereta. "Lakini groupe inawakaka siku yote, na picha za bantu haziharibike."

Safari hii picha inatoka safi. Mwandishi wa makala haya si mwoga, ila alirudi nyuma hatua mbili.

Mwenye sanamu ni Adolphine M'munga, mkulima wa Nundu. Mfanyabiashara wa Misisi amemwahidi dola 400 akimuuzia, na nyumba ya mama huyu inavuja. Lakini wazee wa ukoo wake husimulia kwamba ndani alifichwa babu yao, kipande cha mwili wake, kisha tundu likazibwa.

"Kama ni muti mutupu, nauzisha," anasema. "Kama iko muntu, siwezi."

Isidore hulipwa dola 70 kwa mwezi, zikipatikana. Watu humwita Docteur, naye amechoka kukataa. Hii ni sanamu ya tano anayoletewa. Nne zilikuwa mti mtupu.

Anainua picha dirishani. Mwenye macho haambiwi tazama: tumboni yamepangwa meno matatu meupe, madogo mno.

"Docteur, ni ya babu?" anauliza Adolphine.

"Hapana, mama. Ni ya mutoto."

Adolphine analiacha gunia sakafuni, anafungua kitenge chake, anaibeba sanamu mgongoni na kutoka nayo, mkono wake ukiipigapiga taratibu.

Isidore anapanga kupiga picha sanamu zote zilizobaki Fizi kabla wanunuzi hawajazimaliza. Pia anaandikia majumba ya makumbusho ya Ulaya, akitafuta sanamu moja iliyotoka kijijini kwao. Hajajibiwa.

"Baba aliuzisha yetu mu 2003, tupate chakula," anasema akitazama chini. "Minataka tu kujua tuliuzisha nani."