Sauti Iliyotangulia Boti

Mdogo wangu hununua maharagwe Minova na kuyauza sokoni Kadutu, hapa Bukavu, kwa hiyo karibu kila wiki anapanda boti. Ni mtoto wa kiume pekee wa mama. Kwetu safari haiishi boti inapofungwa kamba, inaisha simu inapolia na msafiri akasema kwa mdomo wake mwenyewe, "Mama, nimefika." Kabla ya hapo huwezi kuzungumza na mama. Ukimwambia nyumba inaungua atakujibu "eh" na kuendelea kutazama ziwa, ambalo kutoka mlangoni kwetu linaonekana kipande tu, kati ya mabati ya majirani. Simu ikishalia anakuwa mtu tena, anauliza nani amemaliza sukari.

Naeleza hilo mapema kwa sababu ndilo tulilotaka kuliuza.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya informatique, mambo ya kompyuta, na nakaa nyumbani, natengeneza simu za binamu zangu bure na kusoma masomo kwenye misa ya Jumapili. Kusoma kanisani ninajua, sitajifanya mnyenyekevu. Hata nikisoma vizazi vya Abrahamu, watu wanasikiliza hadi mwisho. Ndipo rafiki niliyesoma naye aliporudi kutoka mafunzo ya wiki chache Kigali, amevaa raba nyeupe ambazo hazijajua tope la Bukavu, na neno moja mdomoni: startup. Alikuwa amesikia kuna concours, mashindano ya kampuni changa, na siku ya mwisho ya kujiandikisha imekaribia. "Tunaunda kampuni," aliniambia, kama mtu anayesema tunapika chai. Wiki haikuisha tukawa na wenzetu wachache, na jina, na logo, na kundi la WhatsApp la kubishania logo. Ofisi ilikuwa chumba cha juu katika nyumba ya shangazi yake, mtaa wa Muhumba. Rafiki yangu tulimwita chef, yaani mkubwa, naye hakukataa.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, sitalidharau hata leo. Abiria akikata tiketi ya boti, karani wa bandarini anaingiza kwenye application jina lake na namba ya simu ya mtu aliyebaki nyumbani. Boti ikifika Minova au Kalehe, mtu wetu anayesimama pale anabonyeza, na simu ya nyumbani inalia. Sauti inasema amefika. Hatukutaka message ya kusoma, maana mama kama wangu hasomi message. Anangoja kusikia mtu.

Sauti ikawa yangu, kwa kuwa hatukuwa na muda wa kutafuta nyingine. Tulirekodi ndani ya kabati la nguo la shangazi yule, mlango umefungwa, makoti yake yamenizunguka ili pasiwe na mwangwi. Mlikuwa na giza na harufu ya naftalini. Sikusoma sentensi nzima, nilisoma vipande: "Habari njema." "Mtoto wako." "Mume wako." "Dada yako." "Amefika salama." "Minova." "Kalehe." Mashine ingeviunganisha yenyewe.

"Sema kama ku misa," chef alinifokea kutoka nje ya mlango. "Batu bakusadiki."

Nikasema kama kwenye misa. Nilirudia "amefika salama" hadi maneno yakaisha maana, na ikafika hatua nikahisi humo kabatini tuko wawili, mmoja anasema na mwingine anasikiliza, na mimi ndiye ninayesikiliza. Niliusukuma mlango nikatoka. Chef alidhani nimekosa hewa.

Alipotuchezea sentensi ya kwanza iliyounganishwa, niligeuka kuutazama mlango wa kabati. Ilikuwa mimi kabisa, na pumzi yangu katikati ya maneno, lakini sentensi ile sikuwahi kuisema. Wenzangu walipiga makofi. Na mimi nikapiga, ningefanya nini?

Concours ilikwenda vizuri. Wakubwa wa jury waliokuwa wakitupima walishika simu sikioni, wakanisikia, wakatabasamu kama watu waliopokea habari za mtoto wao. Wenye boti kadhaa wakakubali kufanya kazi nasi. Mtu wa kusimama Minova angetafutwa baadaye. Hivyo ndivyo tulivyoambiana, na kila mmoja akarudi kwenye kona yake ya kazi. Mimi nilikuwa naandika sehemu ya application anayotumia karani. Mambo ya simu yalikuwa ya chef, na hakuna aliyeangalia sahani ya mwenzake. Tulikuwa tunakimbia tu.

Mwanzoni mama alifurahi kuliko wote. Simu ililia, akanisikia, akapumua. "Mutoto wangu wa kike njo ananiambia habari ya mutoto wangu wa kiume," aliwaambia majirani. Niliona fahari, naomba nisihukumiwe kwa hilo.

Kisha ikaja alasiri moja tukiwa tumekaa sebuleni, mama, mdogo wangu na mimi. Mdogo wangu alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Minova, lakini moteur ya boti ilizimika karibu tu na wakarudishwa wakivutwa. Alikuwa amevua viatu, anakunywa chai, anatukana moteur. Simu ya mama ikalia juu ya meza. Mama huweka haut-parleur daima, kila aliye karibu asikie.

"Habari njema," nilisema ndani ya simu. "Mtoto wako. Amefika salama. Minova."

Mdogo wangu alicheka hadi chai ikammwagikia. "Kama miye niko apa," alisema, "ule mwenye amefika kule ni nani?"

Mama hakucheka. Alinyoosha mkono akamshika kiwiko, akakishikilia, kama anayepima homa. Halafu akanigeukia mimi, akanitazama midomo.

"Na weye ulikuwa umenyamaza," alisema.

Kesho yake nilipanda Muhumba nikiwa na moto. Chef hakunificha kitu. Kwa kuwa Minova hakukuwa na mtu wetu, alikuwa ameiambia mashine ipige simu saa ya kawaida ya kufika ikitimia, basi. Boti iwe imefika, iwe imeharibika njiani, mashine haikuwa na habari. Ilikuwa inaangalia saa.

"Iko provisoire tu, ya muda kidogo," alisema. "Boti zinafikaka."

"Ya jana haikufika."

"Moya tu. Na batu ya ile boti bote si bako ku nyumba? Nani aliumia?"

Nikamwuliza, na siku boti isipofika, na watu wake wasirudi nyumbani, mimi nitakuwa nimewaambia nini mama zao? Kisha akanionyesha kwenye simu yake shukrani za watu, wanawake kwa wanaume, asante kwa kutuondolea wasiwasi, Mungu awabariki. Alikuwa anazionyesha kwa moyo safi. Laiti angekuwa tapeli ningejua namna ya kumtukana. Niliogopa zaidi nilipoona kwamba anaamini.

Nikamwomba aondoe sauti yangu. Akasema ndiyo, wageni waliokuja kutoka Kinshasa kuiona kampuni wakishaondoka. Nikaacha ufunguo wa ofisi mezani nikashuka ngazi. Ndivyo nilivyotoka kwenye kampuni, bila kelele, na hakuna aliyenifuata hata hadi mlangoni. Nilishuka mimi peke yangu. Sauti ilibaki juu.

Vijana wanaotaka kuanzisha vya kwao huniuliza nilijifunza nini, wakitarajia niwaambie habari za mikataba na mgawanyo wa kazi. Hayo yapo, wayasome popote. Mimi nilijifunza kwamba ukiingia mahali mbiombio hujui ni kitu gani chako umekiweka mezani, hadi siku unapotaka kukichukua urudi nacho nyumbani. Na nilijifunza kuogopa neno provisoire kuliko ninavyoogopa radi.

Nyumbani nilifanya jambo nililodhani ni la haki: nilimweleza mama kila kitu. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, akaacha.

"Kwa hiyo mutu anaweza kusema na sauti yako, na weye uko unapika?"

"Ndiyo mama. Ni enregistrement, ilirekodiwa tu. Ni mashine."

"Na haujue iko nasema nini?"

"Sijui."

"Na iko naita bamama ya batu?"

Nikasema ndiyo. Akafuta mikono kwenye kitenge. "Sasa ile sauti haiko yako tena," alisema, bila ukali, akarudi kwenye sombe yake. Nilikuwa nimetaka kumtoa hofu. Tangu siku hiyo, nikimwita kutoka chumba kingine, haitikii. Anakuja kwanza mpaka anione.

Sauti haikuondolewa. Miezi ikapita, nikaanza kusahau, kisha siku moja nilikuwa napanda njia ya ngazi pale Kadutu, kati ya wauza mitumba, nikajisikia nikiongea mbele yangu. Nilikuwa nimefunga mdomo. Ilitoka kwenye simu ambayo mwanamke asiyenijua ameichomoa mfukoni mwa aproni, ikimwambia kwamba mume wake amefika salama Kalehe. Akasema "merci Yezu" na kuendelea kupima mchele. Nilisimama pale watu wakinisukuma. Nilitaka kumwambia kitu lakini ningefungua kinywa, na ingetoka sauti ileile.

Jumapili moja baada ya misa mama mmoja alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa habari za binti yake. Nikamwuliza binti amefika lini. "Si weye njo uliniambia?" alisema akicheka. Wiki iliyofuata nikamwomba padri atafute msomaji mwingine. Alisikitika. Mimi nililia, kwa kuwa kusoma kulikuwa kitu changu, na sikuwa na vingi.

Nilikwenda Muhumba kudai. Chumba cha juu kilikuwa na vitanda vya wapangaji. Kampuni ilikuwa imekufa, chef yuko Kinshasa kwenye wazo jingine, ila mashine ilikuwa imekodiwa mbali, sijui Ulaya, sijui wapi, na makarani wa bandarini waliendelea kuingiza majina kama kawaida. Nilimwandikia chef ujumbe mrefu. Alinijibu kwa kidole gumba. Nilimwambia mdogo wangu asitoe tena namba ya mama. Akasema karani anayo tayari, jina lake likiingia tu inatokea yenyewe. "Wacha iseme," aliniambia. "Mama anajua ni mashine."

Ni kweli, alijua.

Kisha siku moja ziwa lilichafuka baada ya mdogo wangu kuondoka. Upepo ulibeba mabati ya jirani mmoja, na kile kipande chetu cha maji kikawa cheupe. Minova network ilikuwa imekatika tangu juzi yake. Saa ya kawaida ilipotimia simu ya mama ikalia, na nikasema ndani yake kwamba mtoto wake amefika salama. Tulisikiliza hadi mwisho, sote wawili, hatukutazamana. Mama akaigeuza simu kifudifudi. Jioni majirani walikuja kukaa nasi, kila mmoja akauliza kama kuna habari, na nikaona aibu kujibu kwa sauti, nikawa natikisa kichwa.

Asubuhi, upepo umetulia, ikalia namba tusiyoijua. Mama akaweka haut-parleur.

"Mama. Ni miye. Niko Kalehe. Nimefika muzuri."

Laini ilikuwa mbaya, maneno yalikuja vipande vipande, na kati ya kipande na kipande palikuwa na kimya kitupu. Nilicheka kwa furaha. Mama hakubadilika uso. Alisikiliza kama alivyosikiliza jana, akangoja yaishe, kisha akanisogezea simu.

"Ata sauti ya kwake bameikamata," alisema.

Niliichukua. Alikuwa yeye. Boti ilikimbilia Kalehe kujificha, walilala shuleni, alikuwa na kikohozi na kiatu kimoja, simu ameazima kwa mwalimu. Alilalamika kuhusu kile kiatu kama yeye tu anavyojua kulalamika. Nilimwambia aongee na mama, aseme jambo lolote, na akaongea, akamwita, akamwuliza mbona hajibu. Mama alikuwa ameziba masikio kwa viganja. Nikakata simu, nikaenda kusimama mbele yake, nikamtoa mikono masikioni taratibu, na kumwambia mwenyewe, uso kwa uso.

"Mama, ni yeye. Amefika salama Kalehe."

Nilijisikia nikiisema. Ilitoka tamu, na kituo mahali pake, kama ku misa. Mama aliangalia midomo yangu ilivyokuwa inafunga, na macho yake yakajaa huruma, nadhani kwa ajili yangu. Akanipapasa shavu. Halafu akajifunga kitenge, akavaa viatu, akashuka bandarini kumngoja mtu mwenyewe.